Maswali ya shotgani: hiyo bei rahisi mnayoitafuta iko wapi hasa

Salaam kutoka Malindi. Maswali ya mwezi huu kuhusu kupiga sahani, zile zinazorushwa angani kama shabaha, ni mengi, na zaidi ya nusu ni swali moja lililobadilishwa kanzu, kwa hivyo naanza na hilo tulimalize.

Ami, shotgani gani ni nzuri na ya bei rahisi kwa kupiga sahani? (Malindi)

Ndo hilo. Hujaniambia una pesa ngapi, unapiga trapu (sahani zinakukimbia) au skiti (zinakatiza mbele yako) au spotingi (zinatoka kila upande), una urefu gani, unatumia mkono gani, na kubwa zaidi hujaniambia kama una cheti. Nshasema na narudia, Kenya hununui kwanza halafu ukatafuta cheti baadaye. Unaanza na Bodi ya Leseni za Silaha, wakikukubalia ndo unaingia dukani, na cheti kinakutaja wewe na bunduki yako, sio wewe na bunduki yoyote utakayoazimwa na rafiki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo na mtu aliyekutwa njiani na bunduki ya mwenzake, na "nilikuwa namshikia tu" haijamwokoa mtu.

Sasa bei. Bunduki unalipa mara moja, risasi unalipa kila wikendi. Raundi moja ni sahani 25. Piga raundi nne, risasi 100 zimeisha. Nenda mara mbili kwa mwezi, mwaka ukiisha ni risasi 2,400, na hapo sijahesabu ada ya uwanja wala mafuta ya gari. Namjua kijana alimaliza akiba yake yote kwa bunduki yenye nakshi za ndege ubavuni, ikalala kwenye sefu miezi sita sababu hana pesa ya risasi, na mwenzake aliyechukua Baikal iliyotumika, ile nzito inayotoka Izhevsk kule Urusi, haina urembo hata kidogo, alikuwa uwanjani kila wiki ya pili na sasa anampita mbali. Kwa hivyo gawa pesa zako kabla hujatoka nyumbani, nusu ya bunduki, nusu ya risasi na mwalimu. Hiyo nusu ya kwanza ndo bajeti yako ya kweli.

Na ukifika dukani usiulize jina la kampuni, anza na bega. Fungua bunduki, tazama mwenyewe kwamba haina kitu ndani, funga macho, ipandishe begani vile mwili unavyotaka, kisha fumbua. Jicho linatakiwa liteleze juu ya ubapa wa mtutu mpaka kwenye kile kishanga cha mbele. Ukiona chuma cha nyuma tu kimekuziba, shavu limekaa chini mno, ukiuona ubapa wote unapanda kama kilima, shavu liko juu mno. Kosa la sentimita moja pale shavuni linakuwa zaidi ya sentimita 30 huko mita 35 sahani iliko, na sahani yenyewe upana wake ni sentimita 11 tu. Halafu watu wanalaumu risasi!

Lingine ambalo hakuna anayeniuliza ni jicho. Nenda ufuoni, nyoosha kidole kwenye msalaba ulio juu ya mnara wa Vasco da Gama, macho yote mawili wazi, kisha fumba la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho lako kuu ni la kulia. Kikiruka pembeni, ni la kushoto, na kama unashika bunduki kulia basi hilo ni tatizo la kumwambia mwalimu kabla hujatoa hata shilingi moja, sababu hakuna bunduki ya bei yoyote itakayolitatua.

Semi-otomatiki au mitutu miwili ya juu na chini? (Watamu)

Hapa pana mjadala wa haki. Semi-otomatiki, ile inayojipakia risasi yenyewe, ikitumia gesi inapiga teke dogo, maana sehemu ya nguvu inamalizwa na mtambo kabla haijafika begani, na mpya yake mara nyingi ni rahisi kuliko mitutu miwili ya ubora uleule. Kama bega lako linauma au unaanza ukiwa mtu mzima, ina faida yake.

Mimi lakini kwa pwani hii nasema mitutu miwili. Kwanza mchanga. Mchanga wetu ni laini, unaingia kila mahali, na mtambo wa gesi wenye masizi na mafuta ukichanganyika na mchanga unakwama katikati ya raundi. Pili, mitutu miwili unaweka choki mbili tofauti (choki ni kibano cha mdomo wa mtutu kinachokusanya marisau, zile punje za ndani ya risasi), moja ya sahani ya karibu na moja ya ile inayokimbia. Tatu ndo kubwa: ukiivunja katikati kila mtu uwanjani anaona haina kitu, mimi naona, wewe unaona, hata mtoto anayerusha sahani anaona. Semi-otomatiki iliyofungwa hakuna anayejua kilichomo. Ukiinunua basi nunua na kile kibendera cha kuweka ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na usikitoe mpaka zamu yako ifike.

Kwa pesa ya wastani tafuta Beretta 686 au Miroku iliyotumika, hizo Miroku zinatengenezwa Japani na ndo hao hao wanaoitengenezea Browning. Kwa pesa ndogo, Baikal. Mpya za Uturuki ziko nzuri na ziko za kujuta, kwa hivyo kwanza uliza kama kuna fundi hapa nchini mwenye vipuri vyake. Mtutu wa inchi 28 au 30, uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Nyepesi ya kubebea porini isikuvutie, siku nzima ya sahani itakuchubua bega.

Pampu inafaa? (Gongoni)

Inavunja sahani vizuri tu, lakini skiti wanakurushia mbili kwa pamoja na itabidi uvute pampu kwa mkono katikati ili risasi ya pili iingie. Kama tayari unayo kwa cheti, anza nayo. Usiinunue kwa ajili ya sahani.

Ami, mimi ni mwanamke mwembamba, dukani wameniambia nichukue geji 20 sababu haipigi teke. Wamesema kweli? (Kilifi)

Binti yangu, hawakukusaidia. Teke linatokana na uzito wa risasi na uzito wa bunduki. Geji ni kipimo cha mtutu, namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba. Geji 20 nyingi ni nyepesi, ukiijaza risasi ya gramu 28 itakupiga kuliko geji 12 ya kilo tatu na nusu yenye risasi ya gramu 21 au 24. Na gramu 24 sio risasi ya wanyonge, ndo kipimo wanachopigia kwenye Olimpiki, trapu na skiti zote. Wewe shida yako nadhani ni urefu wa kitako, maana bunduki nyingi zinakatwa kwa kipimo cha mwanaume mrefu. Kitako kinapunguzwa na fundi kwa nusu siku, na hilo litakupa raha kuliko kubadilisha geji.

Kingine, na hiki nawaambia wote. Kama nyumbani kuna geji 12 na geji 20, risasi zake zisikae mfuko mmoja, wala koti moja, wala gari moja. Risasi ya geji 20 ukiitia kwa makosa kwenye geji 12 haikai, inateleza ndani na kukwama mbele kidogo ya chemba. Wewe unafyatua, hakuna kitu, unafungua unaona chemba tupu, unatia ya geji 12 nyuma yake, unafyatua tena. Mtutu unapasukia kwenye mkono wako wa kushoto. Ndo maana risasi za geji 20 zinapakwa rangi ya manjano. Ukiona manjano karibu na geji 12, simamisha kila kitu.

Naweza kupigia paa Arabuko Sokoke na shotgani hiyohiyo? (hakutaja anakotoka)

Hapana. Uwindaji ni marufuku Kenya tangu 1977, na msitu huo una paa nunga walio adimu. Usiniulize tena.

Naona vumbi linatoka kwenye sahani lakini haivunjiki, mwamuzi ananinyima pointi. Ninunue choki ya kubana zaidi? (Malindi)

Mwamuzi yuko sawa, lazima kipande kionekane kimetoka, vumbi halihesabiwi. Lakini kabla ya choki niambie sahani zako mnaziweka wapi. Tunaziita za udongo kwa mazoea, ila za sasa ni lami iliyochanganywa na chokaa ya kusagwa, na lami ikikaa juani inalainika, sahani inakuwa kama sandarusi, risau linapita linaacha tundu na vumbi. Mimi nimewahi kuokota moja uwanjani ina matundu matatu, nzima. Wekeni maboksi kivulini, chini ya mwembe au ndani ya banda, na msifungue boksi mpaka mko tayari.

Choki zenyewe usizikimbilie. Kwa mita kama 36, choki ya fuli, ile ya kubana kabisa, inaweka karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76, ile ya robo, inayobana kidogo, inaweka kama 55. Anayeanza akibana sana anakosa kwa usafi kabisa, hata vumbi halioni. Skiti tumia iliyo wazi, trapu ndo ubane. Na risasi iwe namba (ndo ukubwa wa risau) 7½ au 8 kwa trapu, namba 9 kwa skiti.

Marehemu babu ameacha bunduki ya mitutu miwili pembeni, ya zamani sana. Naweza kuanzia nayo ili nisinunue? (Mambrui)

Mwanangu, pole kwa msiba. Nakujibu kwa uzito manake hili linaweza kukuharibia maisha. Cheti cha babu kimeondoka na babu. Hairithiwi kama shamba la minazi. Saa hii iko nyumbani bila mwenye cheti, kwa hivyo mzee wa familia aende kituo cha polisi kwanza, bila bunduki, aripoti na aelekezwe namna ya kuikabidhi. Usiibebe kwenye bodaboda ukaipeleka mwenyewe.

Mambo ya kisheria yakikamilika na ukapewa cheti chako, bado usifyatue mpaka fundi aipime. Bunduki nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65, na risasi za leo nyingi ni 70. Inaingia vizuri, haikuonyi chochote, ila ganda likifunguka halina nafasi na mgandamizo unapanda. Kama mtutu una michoro ya mawimbi kama mkeka, huo ni wa vipande vya chuma vilivyosokotwa, risasi za kisasa usitie. Na zamani au sio zamani, mwangaza ukipita ndani ya mtutu uone kivuli cha pete, hapo pamevimba, imekwisha.

Jirani Muitaliano anarudi kwao, anauza Beretta yake kwa bei nzuri. Nikague nini? (Malindi)

Cheti kwanza, na uhamisho upitie mikono halali, hata kama mmekunywa kahawa pamoja miaka kumi. Baada ya hapo toa ile mbao ya mbele, shika kitako, itikise. Ikigonga gonga, bawaba imelegea. Tazama wenzo wa juu wa kufungulia: bunduki isiyochoka wenzo wake ukifunga unasimama kulia kidogo ya katikati, ukikuta umepita kushoto imepigwa sana. Kisha chungulia ndani ya mitutu dhidi ya anga, utafute vishimo vya kutu. Fungua choki zote. Isiyofunguka imeshikwa na kutu, na hapo bei ishuke.

Niko Shela, Lamu. Bunduki inashika kutu kila nikigeuka. Nifanyeje? (Lamu)

Nimefurahi umeuliza, sababu hili ndo linawamalizia watu wa pwani pesa, bunduki ya bei rahisi inakuwa ghali kwa uzembe wa wiki moja. Mwaka wangu wa kwanza na bunduki hapa Malindi rafiki aliishika mtutuni jioni, nikairudisha kwenye sefu bila kuifuta. Siku ya pili asubuhi dole gumba lake lilikuwa pale, mistari yote ya kidole imechorwa kwa kutu ya rangi ya chungwa juu ya chuma cheusi. Mpaka leo ipo.

Jasho lina chumvi, upepo wa kusi una chumvi, na wewe Shela bahari iko mlangoni. Kitambaa chenye mafuta ya bunduki kikae mfukoni, kila aliyeishika unafuta, hata kama hukupiga. Ukirudi toa choki, safisha meno yake, paka grisi, rudisha. Usiiache ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji, ule unanyonya unyevu na kuuhifadhi, mfuko ni wa safari tu. Ndani ya sefu weka silika ile inayobadilika rangi na ikishabadilika uikaushe, na isimamishe mdomo chini ili mafuta yasishuke kuozesha mbao ya kitako. Kama bado hujanunua, chagua yenye mitutu iliyopigwa kromu ndani. Baikal wanayo, nyingi za bei ya juu pia.

Vizibo vya masikio ni lazima uwanja ukiwa wazi? (Malindi)

Lazima. Mlio unapita desibeli 140, na sikio likishakufa halirudi. Miwani pia, vipande vya sahani vinaanguka popote. Na yule kijana anayewarushia mumnunulie vyake, asitie pamba.