Mwanangu, uliniuliza kuhusu Waukraine wa huko Edmonton, Kanada

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile unayouliza eti mama hawa Waukraine wamewezaje, wana makanisa, wana kumbi, wana saccos zao, vitukuu bado vinacheza ngoma za kwao, na sisi Watanzania hapa Edmonton chama kimekufa mara ya tatu. Nikasema hili halijibiki kwa voisi. Unajua miaka yote niliyokaa huko nilikuwa nahudumia wazee na wengi wa wale bibi walikuwa Waukraine, kwa hiyo haya mengine nimeyapata nikiwachana nywele asubuhi.

Kwanza wala hawakuanza na chama. 1891 walitangulia wanaume wawili wa kijiji cha Nebyliv, Ivan Pylypiw na Vasyl Eleniak, kuja kuangalia kama ardhi kweli ipo. Kwao Galicia, wakati huo iko chini ya Austria, shamba la baba linagawiwa watoto mpaka mtu anabaki na kijipande tu, na msitu ni wa bwana mkubwa. Kanada serikali inatoa ekari 160 kwa dola 10, basi habari zikarudi kijijini, akaja shemeji, akaja jirani, na kila anayekuja anataka kukaa pembeni ya ndugu yake hata udongo ukiwa mbaya, mradi kuna miti na maji. Hapo ndo ilipoanzia, mashariki ya hapo hapo ulipo. Mpaka 1914 walishafika kama 170,000 nchi nzima.

Walianza kwa kuishi kwenye shimo lililoezekwa kwa miti na udongo, na baridi ya huko unaijua. Ila kanisa wakalijenga mapema, hata padri hawana, wanakusanyika wanaimba wenyewe.

Na usidhani walikuwa wanapendana sana. Wakatoliki na Waorthodoksi waligombana, wale wa vyama vya wafanyakazi wakajenga ukumbi wao, waliokuja baada ya vita ya pili wakawaona wenzao waliotangulia washamba na waliotangulia wakawaona wanajidai. Mji mmoja kumbi mbili tatu! Lakini kila ukumbi ulikuwa na kazi, na kazi ndo iliyowaweka pamoja, maana nje kulikuwa kugumu. Vita ya kwanza maelfu yao walifungwa kambini kwa sababu tu wana karatasi za Austria, halafu 1916 jimbo la Manitoba likafuta shule za lugha mbili, sasa Kiukraine mtoto atajifunzia wapi kama sio kanisani na ukumbini? Huko kwenu jimbo la Alberta walikuja kupata shule za lugha mbili 1974, na hapo ni baada ya kudai sana.

Kuna siku binti wa bibi mmoja alinipeleka kanisani kwao, chumba cha chini kule, nikakuta akina mama kama ishirini wamezunguka meza ndefu wanatengeneza pyrohy, vile vya unga vyenye viazi na jibini ndani. Nikakunja cha kwanza, mama mmoja akanishika kidole gumba akanibonyezea ukingoni, akasema bana tena, hiki kitafunguka kwenye maji. Vinauzwa, hela inaezeka paa la kanisa. Lakini mikono ikiwa kwenye unga midomo iko huru mwanangu, pale ndo unajua nani kalazwa, nani anatafuta kazi, mtoto wa nani hajaja darasa la Jumamosi. 2022 vita ilipowaleta wengine, karibu laki tatu waliingia Kanada ndani ya miaka miwili, kwa watu kama hawa wa meza hii mgeni alipata godoro, jaketi na namba ya mtu mwenye kazi kabla hata hajazoea saa za huko. Wageni wengine Kiukraine cha wale bibi walikiona cha kizamani, maneno ya kijijini ya enzi hizo, ila walielewana.

Sasa chama chenu kila mkikutana ni katiba na uchaguzi na tisheti za Uhuru Day, halafu mnanuniana mpaka Desemba nyingine. Mimi naomba muanze na kufa na kuzikana. Yule kijana wa Mbeya alivyofariki mwaka ule tulichangishana wiki tatu ndo akasafirishwa, mama yake huku hali wala halali, mimi sijasahau. Kusanyaneni kila mwisho wa mwezi sehemu moja, mpike maandazi muuze, hela iende kwenye huo mfuko. Kitabu akishike mama Neema, anaaminika. Na jina langu mliandike la kwanza, mchango wangu nampa shangazi yako akija mwezi ujao.

Mama yako