Kuchoma nyasi mapema: maswali mawili kutoka Kilwa

SWALI: Niko kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Kila Septemba moto kichaa unapita kwenye msitu wetu wa hifadhi na miche ya mninga inateketea. Tumeshauriwa tuchome mapema. Je, si kuuharibu msitu kwa mikono yetu?

JIBU: Hapana, ndugu yetu, ila mkikosea wakati mtauharibu kweli. Mvua zikishakatika, kuelekea Juni, nyasi huwa zimekauka juu na bado mbichi shinani. Moto wake ni mfupi, unaunguza hapa na kuruka pale. Septemba na Oktoba zimekauka mpaka chini, na ndipo miombo inapotoa majani mapya kabla ya mvua. Moto wa wakati huo hubabua chipukizi hadi vileleni.

Pimeni hivi: kunjeni mabua ya sehemu mbalimbali. Bua likivunjika juu na kupinda tu chini, wakati umefika. Likivunjika kote, mmechelewa, msiwashe.

Kwanza ombeni kibali, maana Sheria ya Misitu ya 2002 imeweka masharti ya kuchoma moto porini, kisha wajulisheni majirani na wenye mizinga ya nyuki. Kando ya mashamba fyekeni njia ya mita nne au tano na kuikwangua mpaka udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa na kuachwa hapohapo hukauka zikawa kuni. Washeni saa kumi na moja jioni, upepo ukiwa umetulia, mkianzia upande upepo unakoelekea ili moto ule polepole kinyume chake. Umande wa usiku utausaidia kuzimika. Watu wanane wanatosha kwa kipande kidogo, wakiwa na reki, mafyekeo, matawi mabichi na maji.

Kinachowaponza wengi ni magogo. Yanafuka ndani kwa ndani, na siku kadhaa baadaye upepo unaamsha moto upya. Asubuhi rudini, sogezeni kiganja karibu na kila gogo na kisiki. Penye joto fukieni udongo.

Msichome msitu wote mwaka mmoja. Shina la mche wa mninga hufa na kuchipua tena mizizini miaka mingi kabla ya kurefuka, na hata moto mdogo hulirudisha chini. Penye miche mingi acheni pasiguswe miaka kadhaa, au palilieni duara la mita moja kuzunguka kila mche.

SWALI: Ndani ya msitu kuna kichaka kinene chenye makaburi ya wazee. Nacho tukichome?

JIBU: Kamwe. Miti ya vichaka vya pwani vyenye kivuli kizito haistahimili moto kama miombo. Ukiua miti ya ukingoni, mwanga unaingia, nyasi zinaota, na mwakani moto unafika ndani zaidi. Waombeni wazee wawaonyeshe mpaka, kwani makaburi mengine huwa nje ya kichaka, kisha kwangueni njia kukizunguka na kuchoma nyasi za nje tu, moto ukielekezwa mbali nacho.