DVD+RW inaandika polepole kwenye Linux: usiitumie kama flashi

Dada, umesema una picha 9,000 za risiti za chama, jumla kama megabaiti 360, na kila Jumamosi ukizikopi kwa DVD+RW (DVD inayoandikwa upya mara nyingi) uliyoifomati kwa UDF, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kwenye Ubuntu, aina ya Linux, alasiri nzima inaishia hapo. Unauliza kama draiva, yaani kifaa cha kusoma na kuandika diski, imechoka ukatafute nyingine kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi. Usinunue bado. Mimi huhifadhi hesabu na rekodi za kwaya ya kanisa letu hapa Buruburu, na nilibadilisha draiva mbili kabla ya kutambua kwamba shida ilikuwa namna nilivyokuwa nikiandika.

Kompyuta inaiona diski hiyo kama sekta, vipande vidogo vya baiti 2,048. Kwenye diski yenyewe, sekta 16 hufungwa pamoja na alama zao za kusahihisha makosa, yaani kilobaiti 32 za data, na fungu hilo huandikwa lote kwa mpigo. Ukiweka faili ndogo ya kilobaiti 3, draiva inabidi isome fungu zima, ibadilishe kile kipande, kisha iliandike lote upya. Halafu UDF nayo ina yake ya kuandika: maelezo ya faili, orodha ya folda, ramani ya nafasi iliyobaki. Vyote hivyo havikai mahali pamoja, kwa hiyo leza inakimbia huku na kurudi kule mara maelfu. Ule mkwaruzo unaousikia ndio huo.

Piga hesabu uone. DVD ya 1x, yaani kasi ya msingi, huandika megabaiti 1.385 kwa sekunde, kwa hiyo 4x ni kama 5.5. Picha zako zikienda mfululizo zinahitaji sekunde 65 hivi, pamoja na muda kidogo wa kuanza na kufunga. Muda mwingine wote unaopoteza ni wa leza kuhamahama.

Kwa hiyo tengeneza kwanza faili moja kubwa ya ISO, yaani nakala ya diski nzima, kwenye hadi diski (diski ya ndani ya kompyuta), kwa programu ya xorriso:

xorriso -as mkisofs -R -J -o risiti.iso Risiti/

Kisha toa diski kwenye mfumo kwa amri ya umount, uichome, yaani uiandike, kwa programu ya growisofs:

growisofs -speed=4 -Z /dev/sr0=risiti.iso

Usiruke hatua ya ISO. growisofs inaweza kuchukua folda moja kwa moja, lakini hadi diski ya zamani ikichelewa kukusanya picha ndogo ndogo, draiva inakosa data, inasimama, inaanza tena, na kasi inapotea pale pale. Wala usifute diski kabla ya kuandika. DVD+RW huandikwa juu ya yaliyokuwapo, na kila ufutaji unakula zile mara 1,000 hivi ambazo diski imekadiriwa kuhimili.

Ukimaliza, hakiki. Hili nalisisitiza kwa sababu ni pesa za watu:

cmp -n $(stat -c %s risiti.iso) risiti.iso /dev/sr0

Isiposema chochote, yaliyo kwenye diski ni sawa na ISO yako.

Kama ni lazima uendelee kukopi faili moja moja, basi angalau unganisha diski kwenye mfumo (mount) kwa rw,noatime, yaani kuandika kuruhusiwe lakini saa ya kusomwa isiandikwe. Bila noatime, hata kufungua picha kuitazama tu kunaweza kuifanya Linux iandike saa ya kusomwa, na kila maandishi hayo yanarudia ile safari ya kilobaiti 32. Pia usiamini cp, amri ya kukopi, inapokwambia imemaliza. Data nyingi bado iko kwenye RAM, na inashuka kwenye diski unapopiga amri ya sync au umount. Mimi niliona cp imeisha, nikadhani kazi imekwisha, stima ikapotea kabla ya umount, na rekodi za Pasaka zikaenda. Tangu siku hiyo nachoma kwa laptopu yenye betri nzima.

Kuhusu draiva nyembamba za USB: soketi ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, na leza ikiandika huweza kuhitaji zaidi. Tumia kebo yenye vichwa viwili, inayochota umeme kwenye soketi mbili, na usipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake.

Kuna aliyeuliza pia kwa nini BD-RE, yaani Blu-ray inayoandikwa upya, huandika polepole; yake ni tofauti. Diski hiyo kwa kawaida huandika kisha husoma tena kuhakiki, ndiyo maana kasi inashuka kama nusu. Kwenye xorriso weka -stream_recording on na itaacha uhakiki huo, lakini basi cmp inakuwa wajibu wako.

Dada, piga dvd+rw-mediainfo /dev/sr0 ubandike hapa mistari inayotaja kasi ya kuandika. Kama diski yenyewe inakubali 2.4x tu, tutajua, na hata hivyo risiti zako hazitazidi dakika chache.