Orodha ipi ya nyimbo za Hispania uifuate?

Ndugu, umeuliza kwa nini wimbo unaoongoza redioni Hispania huuoni kileleni kwenye orodha ya intaneti, na ipi ikufae wewe unayejifunza Kihispania. Hizo orodha hazipimi kitu kimoja. Ya intaneti huhesabu wasikilizaji walivyobofya wenyewe, ndiyo maana vijana wa regetoni, muziki wa kudansi wa Kihispania kutoka Karibiani, huitawala. Ya redio huhesabu mara ambazo vituo vimeupiga wimbo, na nyingi huangalia pia kituo kina wasikilizaji wangapi. Anayechagua hapo ni mpanga muziki wa kituo, naye hapendi kumfukuza msikilizaji aliye kwenye foleni ya magari. Akipata wimbo unaokubalika, ataung'ang'ania wiki na wiki.

Halafu usichanganye na orodha ya LOS40. Ile ni ya mtandao mmoja wa vituo vya redio vya Hispania, ilianza 1966, na kura za wasikilizaji zina nafasi yake. Nyimbo za Kiingereza nazo zimejaa humo, kwa hiyo zichuje.

Kwako wewe, anza na za redio. Pop ya Kihispania hutamkwa wazi kuliko regetoni, ambako waimbaji wa Puerto Rico humeza "s" ya mwisho: "más" unasikia "ma" tu, na kamusi haitakuokoa. Chukua wimbo mmoja, uandike kiitikio kwa kusikiliza kwanza, ndipo ufungue maneno yake ulinganishe. Regetoni iweke baadaye, hata kama ndiyo inayokuchezesha.