Shangazi, nimlipe nani kwanza?

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kahama, nina mume na watoto wawili. Mwezi wa pili mama aliugua nikakopa huku na huku. Kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ananidai 400,000, toka mwezi wa tatu nampelekea 120,000 ya riba kila mwezi na kadi yangu ya benki kaishika yeye. Kikoba 600,000, mkopo wa simu 90,000, dukani 70,000. Kaka yangu 500,000, yeye hana riba ila anataka kupaua nyumba yake na ananitukana kwenye group la familia mpaka naona aibu kufungua simu. Benki na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu wanakata juu kwa juu kwenye mshahara. Nina gunia sita za mpunga, dalali ananipa 80,000 kwa gunia ila nasubiri bei ipande nimlipe kaka nipumzike. Mume wangu anajua deni la benki tu. Nianze na nani?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza, hukusema mama anaendeleaje ila namuombea. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi maana ina namba nyingi, na kilichonishtua sio matusi ya kaka yako, ni huyo mtu wa kausha damu ambaye wewe umemtaja mara moja tu ukapita.

Hebu piga hesabu na mimi. Toka mwezi wa tatu mpaka huu wa tisa ni miezi saba, kila mwezi 120,000, jumla 840,000. Ulikopa 400,000. Yaani umeshampa zaidi ya mara mbili ya hela yake na bado anakudai 400,000 ile ile, haijapungua hata mia, kwa sababu unachopeleka ni riba tupu, deni lenyewe hujaligusa hata siku moja. Ukiendelea hivi mpaka mwezi wa tisa mwakani utakuwa umempa 1,440,000 nyingine na kadi bado iko kwake. Huyo ndio wa kwanza mwanangu, na wa pili wake simuoni hata kwa mbali.

Naelewa kwanini kaka umemuweka mbele, matusi yanauma, tena mbele ya mama wadogo na mashemeji. Ila deni la kaka hata likikaa mwaka litabaki 500,000. La kausha damu halipigi kelele kwa sababu halina haja ya kupiga kelele, kadi anayo, mshahara ukiingia anatoa chake ndio wewe unapewa kilichobaki. Watu watakwambia dawa ya deni kulipa, sawa, lakini ukianza kwa anayepiga kelele zaidi utajikuta mwakani unaandika barua hii hii.

Sasa njoo kwenye mpunga, maana hapo ndio pana ukombozi wako. Unasubiri bei. Haya tuseme Mungu kajalia, umekaa nao miezi minne na bei imetoka 80,000 ikafika 110,000, gunia tano zimekuongezea 150,000. Na ndani ya miezi hiyo hiyo minne umempelekea kausha damu 480,000. Faida ya kusubiri iko wapi? Uza gunia tano sasa hivi kwa hiyo hiyo 80,000, unapata 400,000 kamili, moja baki nayo watoto wale. Najua inauma kuuza mpunga wakati bei iko chini, umeulima kwa jasho, ila kila mwezi unaosubiri unakugharimu gunia moja na nusu.

Lakini mpunga sio wako peke yako, na hapa lazima niseme ukweli hata kama hutapenda. Huwezi kutoa gunia tano ndani baba watoto asiulize. Mwambie kabla hujamuita dalali. Mkae jioni watoto wakishalala, umtajie yote, kausha damu, kikoba, simu, duka, kaka, usimfiche hata lile la dukani, maana ukimwambia nusu na nusu akaja kuisikia kwa kaka yako itakuwa vibaya zaidi. Anaweza akakasirika, ana haki. Ila deni lilitokana na kumtibu mama yako, sio anasa, na unaenda kwake na njia ya kutokea mkononi. Hiyo ni tofauti kubwa na mtu anayekamatwa.

Ukienda kulipa usiende peke yako. Nenda na mume wako au mtu mzima anayeheshimika mtaani, hela mkaihesabu mbele ya wote, aandike karatasi kwamba deni limeisha, aweke sahihi na tarehe, na shahidi wako asaini, kadi irudi hapo hapo. Siku hiyo hiyo pita benki ubadilishe namba ya siri. Akianza kuzungusha kuhusu kadi usibishane naye, nenda tawini waifunge wakupe nyingine, kadi ni ya kwako na ya benki, yeye hana haki nayo. Na akikuletea faini za ajabu ajabu muulize kwa upole leseni yake iko wapi. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kibiashara anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imeshaweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wa aina hii, 3.5% kwa mwezi. Kwa 400,000 hiyo ni 14,000. Wewe unatoa 120,000! Sikutumi ukagombane, nataka tu usiingie pale ukiwa umeinamisha kichwa kama mkosaji.

Ingekuwa huna mpunga ningekwambia hata nenda benki ukaongeze mkopo, maana riba ya benki ya mwaka mzima haifiki ya mwezi mmoja ya huyu. Ila unao, na mshahara wako umeshakatwa vya kutosha, kwaiyo afisa mkopo akikupigia kukwambia "mwalimu una nafasi" mshukuru ukate simu. Ya benki na Bodi yaache yajilipe. Na zile app za mkopo wa dakika mbili usizisogelee kabisa, Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali, kuna watu wamepigiwa mabosi na wakwe zao kwa deni la elfu hamsini.

Kausha damu akishatoka, ile 120,000 inarudi mikononi mwako. Mwezi wa kumi maliza mkopo wa simu, 90,000, maana ule ukikaa makato yanaongezeka na hela yoyote ukitumiwa inamezwa, 30,000 inayobaki peleka dukani ili Mangi mwenye duka aendelee kukupa sukari. Mwezi unaofuata 40,000 unamaliza dukani na 80,000 kwa kaka, baada ya hapo 120,000 yote ni ya kaka mpaka iishe, mwezi wa tatu mwakani humdai hakudai. Kikoba endelea na rejesho lako la kawaida usilikose hata wiki moja, wale wenzako ndio wadhamini wako, na mgao wa Disemba usiuhesabu kama hela maana watakata deni lao kwanza.

Kaka mpigie leo, sio meseji na sio kwenye group. Usijitetee kuhusu matusi. Mwambie "kaka najua unahitaji mabati, kabla ya mvua siwezi, naanza kukutumia mwezi wa kumi na moja 80,000, halafu 120,000 kila mwezi mpaka iishe mwezi wa tatu." Atafoka, mwache afoke amalize. Na tarehe uliyomtajia ikifika tuma asubuhi kabla hajakuuliza, hata kama siku hiyo hela ya mboga itabidi mkope kwa Mangi.