Kaseti za Baba kwenye Kiti cha Dirishani

Naishi Ukonga, nafanya kazi Kariakoo. Asubuhi nageuza na gari: napanda linaloelekea Gongo la Mboto, nalipa nauli mara mbili, na likifika mwisho mimi nimeshakaa dirishani wakati wenzangu wanagombania mlango. Kuna wanaoniambia napoteza hela. Kwangu hiyo nauli ya pili ina faida kubwa, kwa sababu nikishakaa napata saa nzima na zaidi ya kusikiliza muziki bila kusukumwa na mtu.

Kwa miaka mingi nilisikiliza kila nilicholetewa na simu. Wimbo ukiisha unakuja mwingine unaofanana nao, bando linakatika tukifika TAZARA, nakaa kimya hadi Kariakoo. Mwaka 2024 treni ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro, nikapata nafasi ya kumwona Baba mara kwa mara, maana safari iliyokuwa ikinilia nusu siku kwa basi sasa haifiki saa mbili. Siku moja nikamkuta ameburuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mlikuwa na kaseti 43. Redio kaseti yake ilikufa zamani, akaona hazina kazi tena, zitupwe.

Nilimwomba anipe. Nazo ndizo ninazozisikiliza sasa.

Ukiwa na mzazi, mjomba au shangazi aliyekuwa kijana miaka ya 1970 na 1980, nakusihi uulize kama nyumbani kuna sanduku la namna hiyo. Wakati ule bendi zetu zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ninapopita kila siku. Nyimbo nyingi zilipigwa redioni tu, hazikutolewa kwenye santuri. Aliyeupenda wimbo alikaa na kaseti tupu akisubiri upigwe, kisha akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kwa hiyo kaseti ya mzee wako inaweza kuwa na kitu usichokipata popote kwenye simu yako.

Mimi nilianza vibaya. Nilipata redio kaseti ya mtumba, nikaweka simu mbele ya spika na kurekodi hivyo hivyo. Nilimaliza kaseti sita. Moja, ya mwimbaji wa dansi Marijani Rajab, mkanda ulikatika mara tu baada ya kuisha, nikajipa moyo kwamba nyimbo ninazo kwenye simu. Wiki ile ile, gari likiwa limesimama kwenye foleni, mkono ukaingia dirishani na simu ikaenda. Kaseti tano nimezirudia. Ile ya Marijani sijaweza kuiunga mpaka leo, na inaniuma. Kwa hiyo kabla hujafurahia wimbo wowote, hakikisha uko sehemu mbili: kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa nyumbani.

Sasa nafanya hivi. Nasafisha kichwa cha kusomea mkanda kwa pamba yenye spiriti, kila baada ya kaseti mbili tatu, maana mikanda ya zamani huacha vumbi la kahawia. Kaseti iliyokaa miaka siichezi moja kwa moja. Naikimbiza mbele hadi mwisho, kisha narudisha nyuma, ili mkanda uliogandana uachie taratibu. Yenye ukungu naiweka kando, kwa sababu inachafua mashine na kuziambukiza nyingine. Kisha naunganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta na kurekodi kwa Audacity, programu ya bure. Sauti isipande sana, kwani iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 itakula dakika 60. Jumapili moja namaliza nne.

Programu hiyo inaweza pia kuondoa kelele. Hapo naomba uende pole pole. Baba hakuwa na waya wakati ule, alikuwa anaweka redio moja mbele ya nyingine, hivyo na sauti za chumbani ziliingia. Nilisafisha kaseti ya tisa ikatoka nzuri kabisa, halafu nikasikiliza ile ya awali kwa makini: katikati ya gitaa kuna jogoo, na baada yake Mama anauliza kama mafuta ya taa yamebaki. Mama alifariki mwaka 2009, na hatukuwa na rekodi yoyote ya sauti yake. Nikaifuta ile safi.

Lakini kilicho kigumu kuliko waya na pamba ni majina. Kwenye jalada Baba aliandika "Dansi 3" au "Nzuri", basi. Ikabidi niende Morogoro na nyimbo zenyewe, tukae barazani, naye anitajie mwimbaji, mpiga gitaa la solo, na alikokuwa yeye mwenyewe wakati ule. Ana ujuzi ambao sikuutarajia. Akimsikia mtangazaji anasema Juwata Jazz, anajua kaseti ni ya enzi gani, kwa sababu bendi hiyo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU kila chama cha wafanyakazi kilipobadili jina, na leo ni Msondo Ngoma. Wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro, hahitaji kuambiwa. Kati ya zile 43, saba ni za Mbaraka, na Baba bado anasimulia habari ya ajali ya gari ya Mombasa iliyomuua Januari 1979 ilivyoufikia mji wa Morogoro. Fanya kazi hii ya majina kwanza, hata kabla hujapata mashine. Mkanda unaweza kusubiri mwaka mwingine.

Nimemnunulia redio ndogo ya flashi, zile za kubeba shambani. Juzi nikiwa ndani ya gari, tumekwama Vingunguti, akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akasema kaseti ya 17, wimbo wa tatu, nimemwandika mpiga gitaa siye. Nilirekebisha pale pale, na akaniambia nije na ya 18.