Afya ya meno ya watu wazima: wastani mmoja hautoshi

Ndugu uliyeuliza kama wastani wa meno mabovu unatosha kulinganisha wakazi wa mitaa miwili ya Nairobi, jibu langu ni kwamba hautoshi, hasa ikiwa waliopimwa wamevuka miaka 30. Nimewahi kuwa karani katika upimaji wa aina hiyo huku Eastlands, nikijaza fomu huku daktari akitaja hali ya jino moja baada ya jingine.

Wastani unaousoma bila shaka ni wa DMFT, kipimo kilichoanza kutumika katika miaka ya 1930, ambacho hujumlisha meno yaliyooza, yaliyong'oka na yaliyozibwa. Kwa mtoto wa miaka 12 hesabu hiyo inaeleweka, kwa kuwa pengo lake mara nyingi limetokana na kuoza. Pengo la mtu mzima halijielezi: huenda gego lilioza, fizi zililegea, au alianguka na bodaboda. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unaagiza kwamba kwa wenye miaka 30 na zaidi kila pengo lihesabiwe, hata kama halikutokana na kuoza.

Matokeo yake niliyaona mezani. Mzee mmoja wa Kijaluo alipofungua kinywa, daktari alitaja "tano" mara sita mfululizo, yaani jino halipo kwa sababu nyingine. Meno yake sita ya mbele ya chini yalikuwa yameng'olewa kimila ujanani, na yaliyobaki yote yalikuwa mazima. Mama aliyemfuata alikuwa na magego manne yenye mashimo na mapengo mawili, na shavu limevimba. Kwenye jumla, wote wawili ni sita.

Kwa hiyo omba jedwali linalotenganisha vipengele vitatu vya DMFT, yaani meno yaliyooza, yaliyong'oka na yaliyozibwa. Mapengo mengi, meno yaliyozibwa machache: hapo unasoma mfuko wa mkazi sawasawa na unavyosoma ugonjwa, kwa maana mtaani wengi hung'oa kwa sababu kutibu mzizi ni ghali. Angalia pia ni wangapi wamebakiwa na meno 20 au zaidi, kiasi kinachohesabiwa kuwa kinatosha kutafuna bila meno ya bandia, na kama fizi zilipimwa kwa kile kijiti cha chuma chenye kitone cha nusu milimita nchani, kwani bila hicho kina cha mfuko wa fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino, hubaki kukisiwa.

La mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni namna watu walivyopatikana. Waliojitokeza wenyewe kwenye kambi ya matibabu ya bure wengi wao wamesukumwa na maumivu, na wastani wao hauwezi kuwekwa kando ya ule wa mtaa ambako nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Ripoti isiyosema lolote kuhusu hilo mimi huiweka kando kabla ya kufika kwenye majedwali.